Stata Inayohukumiwa Bila Kupimwa

Umeme wa kuwashia gari una njia mbili, na anayezichanganya hupotea kabla hajashika spana. Njia ndogo hutoka kwenye swichi ya ufunguo, hupita kwenye rilei na swichi ya gia au klachi, ikaishia kwenye solenoidi, katika ncha ya 50. Njia kubwa hutoka kwenye chanya ya betri kwa waya mnene hadi ncha ya 30, huzungusha stata, kisha hurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa ethi. Safari haikamiliki bila marejeo hayo, na ndiyo yanayosahauliwa.

Kutokana na usahaulifu huo hutolewa uamuzi mbovu kuliko wote katika magari ya Kabazana, kambini Nakivale. Hiace ya abiria kati ya Mbarara na Nakivale inakataa kuwaka alfajiri. Ufunguo unageuzwa, solenoidi inagonga "tak" mara moja, basi. Taa za mbele zinaendelea kung'aa. Fundi anatamka kwamba stata imekufa, anaingia chini ya gari kuifungua, na abiria wanatafuta usafiri mwingine huku stata ya mtumba ikiagizwa Mbarara. Huo ni uamuzi wa makosa, hata pale stata inapokuja kukutwa mbovu kweli, kwa sababu haukutanguliwa na kipimo chochote.

Tak moja na taa zinazong'aa husema mambo mawili tu: solenoidi imepata umeme, na umeme mkubwa haupiti. Ulipozibwa hapajulikani bado. Huenda ni ndani ya solenoidi, kopa zimeliwa. Huenda ni kwenye kichwa cha betri. Huenda ni kwenye waya wa ethi unaofunga injini na bodi, ambao vumbi na tope la barabara ya kambini huufunika mpaka boliti yake haionekani. Waya huo ukitazamwa kwa macho ni mzima. Ukijaribiwa kwa taa ya testa, taa inawaka. Ukipimwa omu, mita inasoma karibu na sifuri. Vyote vitatu hudanganya, maana stata ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huzidi hapo. Kizuizi cha omu 0.05 hakionekani kwenye mita ya kawaida, lakini zikipita ampea 100 kinameza volti 5, na stata haigeuki.

Kipimo cha kweli hufanywa umeme ukiwa unatembea. Mita huwekwa kwenye volti. Waya mweusi hugusishwa kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibano chake, na mwekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Msaidizi anageuza ufunguo. Volti 0.2 au pungufu, ethi ni nzima. Zikisomeka 3, 4 au 5, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni spana, msasa na pengine waya mpya. Dalili nyingine ni kebo ya akselereta au ya gia kupata moto: umeme uliokosa njia yake hujipitishia humo.

Mafundi waliokulia kwenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani hawakuwa na mita hizi za bei rahisi, na bado walipima. Walichukua waya mnene, wakaunganisha hasi ya betri na injini moja kwa moja, wakaomba ufunguo ugeuzwe. Injini ikizunguka, ethi ndiyo mbovu, na stata haikuguswa. Ufundi huo ulistahili kurithiwa.

Kilichorithiwa ni bisibisi. Kuunganisha ncha ya 30 na ya 50 kwa bisibisi huonyesha hali ya njia ndogo peke yake. Tak ikishasikika, njia ndogo imekwisha kujieleza, kwa hiyo cheche hizo haziongezi habari yoyote. Tena gari likiwa kwenye gia linaweza kumpanda aliye chini yake. Mazoea haya yanapaswa kukomeshwa gereji.

Betri hukaguliwa vizuri na wengi: volti 12.6 ikiwa imejaa, na isishuke chini ya 9.6 stata inapozunguka. Tak-tak-tak za haraka kwa kawaida ni betri dhaifu au kibano kilicholegea. Kimya kabisa, taa zikiwa nzima, ni njia ndogo: fyuzi, rilei, swichi.

Ethi ikithibitika kuwa nzima, hufuata upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi ncha ya 30, ambako upotevu usizidi volti 0.5. Mwisho hupimwa kati ya ncha ya 30 na ile inayoingia kwenye mota. Volti 12 zikibaki hapo baada ya tak, kopa za solenoidi zimeliwa. Katika stata nyingi za Denso, zilizozoeleka kwenye Toyota, kopa hizo hubadilishwa zenyewe na stata ikarudi kazini. Mwenye gari aombe kuona namba kwenye mita kabla hajatoa fedha ya stata nzima.