Taja sumu kwa jina

Ukiwa Miburani hapa Mafia jioni, simu mkononi, hebu sikiliza nyimbo tatu za Amerika ya Kaskazini za enzi za babu zetu. Si zote zimezeeka vizuri.

"Poor Moon" ya Canned Heat (1969) ni roki yenye bluzi tamu. Alan Wilson anahofia binadamu ataharibu mwezi. Hofu ya kweli, lakini wewe ufanye nini? Mwezi uko mbali.

"Big Yellow Taxi" ya Joni Mitchell (1970) inamwomba mkulima aachane na DDT. Hapo sasa! Ndilo onyo la Rachel Carson katika kitabu chake cha 1962: DDT hukaa kwenye mafuta ya mwili, hulimbikizana kila kiumbe kinapoliwa na kingine, na baadaye ikaonekana ndege wala nyama na samaki hutaga mayai yenye maganda membamba. Marekani iliipiga marufuku 1972. Si kwa wimbo peke yake, ila wimbo uliitaja.

"My Dirty Stream" ya Pete Seeger (1966) inautaja mto Hudson. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakashusha majini chombo cha tanga, Clearwater, kuutetea mto huohuo.

Sisi je? Nyimbo zetu nyingi huishia "tutunze mazingira." Yapi? Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na adui wa matumbawe ana jina: baruti, nyavu za kukokota. Mlipuko ni sekunde moja. Tumbawe kurudi ni miaka na miaka. Ukitunga, yataje.