Diski Moja Ilale kwa Shangazi

Muulize mwenye seva ya nyumbani bekapu yake iko wapi, mara nyingi atakuonyesha diski ya pili iliyomo ndani ya seva hiyohiyo. Ameziunganisha mbili kwa mfumo wa RAID: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa papo hapo kwenye ile, na moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Ni mpangilio mzuri kwa anayetaka seva isizime, ila bekapu si hiyo. Ukifuta folda ya picha za harusi kwa bahati mbaya, RAID nayo inafuta pande zote mbili. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote.

Mpangilio ninaouchambua hapa ni wa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam. Kuna kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini, sasa inaendeshwa kwa Linux na kubeba terabaiti 1 ya mali ya familia: picha, hati za kiwanja zilizoskaniwa, vyeti vya watoto, hesabu za duka. Pembeni zipo diski mbili za nje za USB, kila moja terabaiti 4, zimeandikwa A na B kwa kalamu ya wino mzito. A imechomekwa kwenye seva. B iko Kibaha kwa shangazi, juu ya kabati la vyombo. Kila mwezi zinabadilishana zamu.

Mtu atauliza kwa nini tusipandishe kila kitu mtandaoni. Piga hesabu: terabaiti 1 kwa laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde, bila kuyumba wala kukatika, inahitaji siku 9 na ushei. Na siku ya msiba utahitaji kuirudisha yote, kwa bando la nani? Daladala ya Kibaha inamaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Njia ya kubeba diski mkononi si ya wanyonge peke yao. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya, iliyopenya kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, iliiangusha kampuni ya meli ya Maersk. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 za kutunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, zimetapakaa duniani na zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Zote zilifutwa, isipokuwa moja ya Ghana. Simulizi aliyoichapisha mwandishi Andy Greenberg mwaka 2018 inaeleza kwamba iliponea chupuchupu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, hivyo ilikuwa nje ya mtandao shambulio lilipopita. Kuivuta data hiyo kwa intaneti hadi Uingereza kungechukua siku kadhaa, na ofisi ya Ghana haikuwa na mtu mwenye viza ya Uingereza. Mfanyakazi akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaifikisha London. Kunakiliana kote kule hakukufaa kitu. Kilichofaa ni mashine iliyokuwa imezimwa, tena mbali.

Kwa hiyo katika mpangilio wa shangazi, diski ya kutegemewa hasa ni B. A ni ya ajali ndogondogo, kama faili lililofutwa jana au diski ya seva iliyochoka. Umeme ukirudi kwa kishindo, A inaweza kuungua pamoja na seva, na virusi vikishika mamlaka ya seva vitaifikia A pia. Hapa ndipo watu wanapokosea utaratibu wa kubadilishana. Wanasubiri binamu aje na B Jumamosi, wanachomeka zote mbili, na A inaondoka Jumatatu. Siku hizo mbili kila nakala ya familia iko chini ya paa moja. Utaratibu sahihi ni A kuhitimisha bekapu, kuchomolewa, kusafirishwa hadi Kibaha, na kubadilishwa hukohuko. Hakuna saa hata moja ambapo A, B na seva vinakutana. Asiyeweza kusafiri anunue diski ya tatu.

Mahali pa kulaza diski napo pana hesabu yake. Jirani wa ukuta mmoja hafai, wala ndugu anayekaa bonde lilelile la Msimbazi, kwa kuwa mafuriko yakija yanawapitia wote. Kituo cha data cha OVH kule Strasbourg kilipoungua tarehe 10 Machi 2021, walikuwapo wateja waliopoteza data pamoja na bekapu zake, kwa kuwa vyote vilikuwa eneo moja.

Kazi ya kunakili inafanywa na rsync, programu ya tangu 1996 ambayo sijaona sababu ya kuiacha. Kwa chaguo la --link-dest, kila usiku inatengeneza folda mpya yenye tarehe. Faili lisilobadilika halinakiliwi upya, bali folda ya leo inaelekezwa kwenye faili lilelile la jana. Ukifungua folda ya tarehe yoyote unaona kila kitu kilivyokuwa siku hiyo, ilhali nafasi iliyoliwa ni ya mabadiliko tu. Lakini folda thelathini zinazoelekeza kwenye picha moja zina picha moja tu kwenye sahani ya diski. Sehemu hiyo ikiharibika, imeharibika kwa tarehe zote. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na B.

Kuna mtego mmoja wa kuuangalia kwa karibu. Diski isipopachikwa, labda kebo imelegea, folda inakopachikwa, /mnt/bekapu, bado ipo, ila ni folda tupu ya diski ya mfumo. rsync haijui tofauti. Itamwaga humo data yote mpaka diski ya mfumo ijae na seva igome. Mstari mmoja mwanzoni mwa skripti, mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1, unazuia balaa hilo. Database nazo zisinakiliwe zikiwa zinaandikwa. Zitolewe kwanza kwa pg_dump au mysqldump, kisha rsync ichukue faili lililotoka.

Diski zote mbili zimefungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa nywila, maana kwa shangazi nako wezi wapo. Nywila imeandikwa kwenye karatasi na kutunzwa kwa ndugu mwingine, si Kibaha, wala si kwenye simu peke yake, kwani nyumba ikiungua simu inaweza kwenda nayo.

Udhaifu wa mpango huu ni umri wa B. Nyumba ikiungua siku moja kabla ya zamu, kilichopo kwa shangazi ni hali ya mwezi uliopita. Kwa picha, si haba. Kwa hesabu za duka haikubaliki, lakini hizo ni megabaiti chache, basi zifungwe kwa nywila na zipandishwe mtandaoni kila usiku.

B ikirudi nyumbani isichomekwe moja kwa moja kwenye seva. Ianzie kwenye kompyuta nyingine, ifunguliwe kwa nywila iliyonakiliwa kutoka kwenye ile karatasi, zitolewe picha chache za zamani na hati moja, kisha zilinganishwe na za kwenye seva kwa sha256sum. Ikianza kutoa makosa ya kusoma, inastaafishwa siku hiyohiyo, na A haiguswi kule Kibaha mpaka diski mpya iwe imeandikwa na kukaguliwa.