Mungu mwanaume, na shida ya wanaume

Wandugu, wengi wetu tunazoea kufikiri hivi: kama Mungu wa Israeli anaitwa baba, mfalme na mume, basi wanaume njo walipata faida. Howard Eilberg-Schwartz, katika God's Phallus (1994), anapindua hesabu hiyo. Kwa manabii, taifa lote ni bibi ya Mungu. Sasa mwanaume Mwisraeli, mwenye anapaswa kuoa na kuzaa, atasimama namna gani mbele ya Mume yule? Hata wanawake, anasema, walisukumwa pembeni juu wao njo wangekuwa wenzi wa kawaida wa Mungu mwanaume. Wazo kali kabisa.

Anaunganisha pia habari mbili zenye tunasoma mbalimbali: Musa anaona mgongo wa Mungu tu, uso hapana, na wana wawili wa Nuhu wanatembea kinyumenyume, nguo begani, ili wasione uchi wa baba yao. Mwili wa baba hauangaliwi. Hapo ananishika.

Shida yangu iko kwa Hosea. Mwandishi anamfuata sana Freud, na macho yake yanabaki kwa hofu ya wanaume. Lakini fungueni sura ya 2: ugomvi uko juu ya nafaka, divai, mafuta, sufu na kitani. Bibi anazani wapenzi wake njo wanamupa. Mume anasema ni yeye, na atavinyanganya wakati wa mavuno. Baali alikuwa mungu wa mvua, na kwa Kiebrania jina lake ni neno lenye maana ya bwana, mume. Katika milima ile hakuna mto kama Nili wa kumwagilia, shamba linangojea mvua. Mwenye kuleta mvua njo mume. (Mtu wa agronomia hawezi kupita hapo mbio.) Uanaume wa Mungu huyo ni kazi ya kujaza ghala, na kitabu hakikai hapo vya kutosha.

Na adhabu? Inaangukia mwanamke: kuvuliwa nguo, kufungiwa njia kwa miiba. Mwanaume wa Israeli anaitwa bibi kwa mfano tu. Jioni anarudi nyumbani, ni mume tena, na mfano ule mkononi.

Renita Weems alikamata upande huo mwaka 1995, katika Battered Love. Mwenye atapata vyote viwili aanze na Weems, asome Hosea 2 polepole, ndipo aje kwa huyu.