Ufunguo Nyuma ya Alama ya Reli

Mozilla ilipoifungua Firefox Send kwa watu wote Machi 2019, kazi yake ilionekana nyepesi: pakia faili, chukua kiungo, mtumie mwenzako. Asiye na akaunti aliruhusiwa gigabaiti 1, mwenye akaunti 2.5. Ufundi wenyewe ulikuwa mahali ufunguo ulipofichwa.

Ukishachagua faili, kivinjari chako kilitengeneza ufunguo wa siri wa biti 128, kikaisimba faili palepale kwenye kompyuta yako, ndipo kikaipakia. Seva ilipokea kitu kisichosomeka. Hata jina la faili haikulijua. Sasa mpokeaji aupateje ufunguo bila seva kuuona? Waliubandika mwishoni mwa kiungo, baada ya alama ya reli (#). Kivinjari hakipeleki kwa seva chochote kinachofuata alama hiyo, kwa kuwa tangu zamani kazi yake ni kuonyesha sehemu fulani ndani ya ukurasa. Kanuni kongwe ya wavuti ikageuzwa kufuli, na naona hapo ndipo penye akili kuliko pote. Haja ya kumwamini mwenye seva haiishi, maana programu inayosimba hutoka kwake, lakini anayeiba diski zake hapati kitu.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo ilitaka maarifa. Kusimba gigabaiti nzima kwa mkupuo kunaweza kukiangusha kivinjari, hivyo faili ilikatwa vipande vya kilobaiti 64, kila kimoja kikisimbwa na kuhakikiwa peke yake huku kikielekea kwa seva. Aliyechezea kipande kimoja tu njiani aligundulika wakati wa kupakua. Muda ulipoisha, au idadi ya upakuaji ilipotimia, faili ilifutwa.

Wahalifu nao waliona faida hiyohiyo: kiungo chenye jina linaloaminika, kimebeba programu hasidi ambayo seva haiwezi kuikagua. Julai 2020 huduma ikasimamishwa, na Septemba ikafungwa moja kwa moja.

Wapo wanaoulaumu usimbaji. Mimi sikubali. Kilichokosekana ni njia ya kuripoti, na Mozilla yenyewe, ilipoisimamisha huduma, ilisema ingeiongeza na kumtaka kila anayepakia aingie kwa akaunti. Kwa mfumo wa namna hii mpokeaji ana ufunguo, seva haina. Yeye ndiye anayeweza kufungua na kuona kilichomo. Kwa hiyo anayejenga huduma kama hii leo aweke kitufe cha kuripoti kando ya kitufe cha kupakua tangu toleo la kwanza, na kiungo kilichoripotiwa kisimamishwe kwanza, uchunguzi ufuate.