"Mmojawapo" na Maelezo Yasiyotosha

Kwa kawaida twapima istilahi moja moja. Safari hii twapima swali zima la hisabati, kwani kasoro yake imejificha katika neno dogo ambalo hakuna aliyedhani kuwa lahitaji kuangaliwa.

Swali hilo lilitolewa na Martin Gardner katika jarida la Scientific American mwaka 1959. Bwana mmoja ana watoto wawili, na walau mmoja ni wa kiume. Je, uwezekano wa wote wawili kuwa wa kiume ni kiasi gani? Gardner alijibu theluthi moja. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba swali lina utata, kwa kuwa halielezi habari ile ilipatikana kwa njia gani. Mswada wa kitabu cha kiada uliotufikia umelitafsiri hivi: "mmojawapo ni wa kiume". Jibu limeandikwa 1/3, bila ya neno zaidi.

Tuchukulie kwamba kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa wa kiume au wa kike. Basi kwa kufuata mkubwa na mdogo, familia za watoto wawili ni za aina nne zenye uzito sawa. Tukimwuliza baba, "Je, una mtoto wa kiume?" naye akaitika, yaondoka aina moja tu, ya wasichana wawili, zabaki tatu, na jibu ni 1/3. Lakini tukimkuta njiani na mmoja wa watoto wake, aliyefuatana naye kwa bahati tu, na mtoto huyo akawa mvulana, jibu ni 1/2. Sababu ni kwamba mwenye wavulana wawili hana budi kuonekana na mvulana, hali mwenye mvulana na msichana huonekana hivyo nusu tu ya mara. Hali zote mbili msemaji wa Kiswahili atazieleza kwa maneno yale yale: mmojawapo ni wa kiume. (Angalitaja kifungua mimba, shaka isingalikuwapo: jibu ni 1/2.)

Tumeshauriwa kuweka "angalau mmoja". Ni afadhali, maana laondoa dhana ya mtoto fulani aliyeonekana, ila bado halituambii aliyesema amejuaje.

Kosa kubwa zaidi limo katika faharasa ya mswada huo, inayofasili "maelezo ya kutosha" kuwa ni maelezo yenye tarakimu zote zinazohitajika. Fasili hii hatuiafiki. Tarakimu za swali hili zimetimia, na bado majibu ni mawili. Sisi twapendekeza: maelezo ya kutosha ni yale yanayoruhusu jibu moja tu, na njia yalivyopatikana ni sehemu yake.

Mwanafunzi atakayeandika 1/2 kwa hoja ya yule mtoto wa njiani atatiwa alama ya kosa, naye hakukosa. Kwa hiyo mswada tumeurudisha. Ama swali liseme wazi kwamba baba aliulizwa, ama jibu "maelezo hayatoshi" lipewe alama zake kamili.