Kaseti Niliyoikatalia

Sisi wa umri wangu hapa Bukoba na Muleba hatuhitaji kuambiwa UKIMWI ulianza lini. Wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. Kabla jina hilo halijazoeleka tuliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka waliuita silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Majina tulikuwa nayo. Tulichokosa ni mtu wa kusimama mbele za watu akasema, "Ninao mimi."

Mtu huyo alipopatikana hakuwa daktari, wala padri, wala mwalimu kama mimi. Alikuwa mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya. Nataka kueleza maradhi yalimfanyia nini katika kazi yake, kwa sababu hutokea tukasema kwa wepesi kwamba ugonjwa humwamsha msanii, kana kwamba homa ni aina ya kipaji. Mimi siamini hivyo. Ugonjwa haumpi mtu sauti asiyokuwa nayo. Nadhani humbadilishia jambo moja tu, nalo ni nafsi anayoitumia anapoimba.

Lutaaya alizaliwa mwaka 1951. Alipiga muziki Uganda na nchi za jirani, kisha katika miaka ya 1980 akahamia Sweden, na huko ndiko alikotengeneza albamu ya Born in Africa iliyomvumisha. Sisi Wahaya hatukuhitaji mkalimani sana kwa nyimbo zake za Kiganda, kwa kuwa Kihaya na Kiganda ni ndugu, na redio ya Uganda ilisikika hapa kwetu vizuri. Zilikuwa nyimbo za kuchezwa na za kukumbuka nyumbani, zenye vyombo vingi na furaha nyingi. Nilizipenda. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba ziliwahi kunizuia kulala.

Mwezi wa Aprili 1989 alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Wako waliomwona mwongo, wakidai amelipwa ili kutisha watu au anatafuta umaarufu. Yeye alizunguka shuleni na makanisani akizungumza, huku mwili ukiisha machoni pa watu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Kati ya tangazo na kaburi ilipita miezi minane. Wakati huo dawa za kurefusha maisha kama tunazozijua leo hazikuwapo. Kwetu Tanzania zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa hiyo alipofanya kazi yake ya mwisho hakuwa na tumaini la kupona lililomsukuma.

Wimbo mkuu wa kipindi hicho ni Alone and Frightened. Msikilizaji aliyezoea Born in Africa atashangaa. Mwendo ni wa polepole, na hakuna kinachomwita mtu acheze. Wimbo unaanza na mtu aliyejificha mahali fulani, peke yake, na hatuambiwi ni nani. Kisha bila kutangaza lolote mwimbaji anaingia mwenyewe: anaomba ashikwe mkono, anaomba asitupwe. Mwisho sauti za wengine zinaungana naye, na ile nafsi ya kwanza inakuwa wingi. Mtu yule, kisha mimi, kisha sisi. Hakuna ubeti wa kumkaripia mtu, wala wa kueleza nani alikosea wapi.

Ili kuona ugumu wa jambo hilo, mlinganishe na Franco Luambo wa Kongo, ambaye kwa ufundi wa muziki alikuwa mkubwa kuliko Lutaaya. Mwaka 1987 Franco alitoa Attention na SIDA, wimbo mrefu wenye uzito wa hotuba ya kitaifa. Anawaonya vijana, anawakumbusha walimu, madaktari, viongozi wa dini na serikali wajibu wao, kila kundi kwa zamu. Ni kazi yenye nguvu, na gitaa zake hazina mfano. Lakini mwimbaji amesimama juu ya jukwaa, nasi tuko chini tukihesabiwa makundi. Franco alifariki Oktoba 1989, miezi miwili tu kabla ya Lutaaya, baada ya kuugua kwa muda. Kuhusu maradhi yake watu walinong'ona mengi, nami sitaongeza neno. Nasema tu kwamba katika wimbo ule nafsi ya "mimi mgonjwa" haimo, na kwa sababu haimo, msikilizaji mwenye hofu anabaki na hofu yake kama alivyokuja nayo.

Hapa sina budi kujitaja.

Mwaka 1990 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Mwanachuo mmoja, kijana wa Muleba, alikuja ofisini akiwa na kaseti aliyoinunua Bukoba mjini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba ruhusa niipige Jumamosi jioni bwaloni. Halafu niwaeleze wenzangu maneno yake kwa Kiswahili."

Nilimwuliza ni wimbo gani. Aliponiambia, nilimjibu kwamba chuo ni mahali pa masomo, si mahali pa kutishana. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka.

Sababu niliyompa haikuwa ya kweli. Wiki ileile nilikuwa nimesimama paredi nikatangaza kifo cha mkufunzi mwenzetu, nikasema amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa ameugua zaidi ya mwaka, na kila aliyekuwa paredi alijua hivyo. Kama kaseti ile ingepigwa Jumamosi, wanachuo wangeulinganisha wimbo na tangazo langu. Nilikuwa najilinda mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilidhani tofauti kati ya Lutaaya na sisi wengine ni ujasiri tu. Mwaka 2017 nilipata nafasi, nisiyoiomba, ya kufikiri upya. Nilitokwa na uvimbe shingoni. Kikakatwa kipande kidogo kikapelekwa Mwanza kupimwa, nami nikarudi nyumbani kungoja majibu. Nilingoja wiki tatu. Asubuhi nilikuwa nakaa chini ya migomba nikijifanya napalilia, na usiku nilikuwa nahesabu watoto na madeni.

Lazima nieleze kwamba nimetunga nyimbo za kwaya tangu ujana. Ni nyimbo za mashindano, za mahafali, za sikukuu. Nilipozitazama tena katika siku zile, niliona kwamba karibu zote zinaanza na "ninyi". Ninyi vijana, ninyi wazazi, jihadharini, amkeni. Ndiyo lugha ya mkuu wa chuo. Katika wiki ya pili ya kungoja nilitunga wimbo wa mistari sita, na neno lake la kwanza ni "naogopa". Sikupanga iwe hivyo. Sikuwa na mtu wa kumwonya.

Majibu yalikuja, haikuwa saratani. Na sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kinachonifanya nisiusifu ugonjwa kupita kiasi. Kabla mwezi haujaisha, niliuchukua ule wimbo na kuuongezea beti tatu za mawaidha juu ya kwenda hospitali mapema. Mwalimu wa kwaya ya kwetu, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, aliusoma akanyamaza, kisha akasema, "Mzee, samahani, uache ulivyokuwa." Alikuwa na haki. Woga uliponitoka, "ninyi" ilirudi mahali pake bila hata kubisha hodi.

Ndiyo maana namheshimu zaidi Remmy Ongala wa siku zake za afya. Mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na baadaye kuongoza Super Matimila, aliimba Kifo akiwa mzima kabisa, akizungumza na mauti kama mtu anayemhoji mgeni mbaya mlangoni. Mwaka 1990 aliimba Mambo kwa Soksi, akatumia utani na neno la nyumbani kutaja kitu ambacho sisi walimu tulikuwa tunakizunguka mbali. Hakungoja daktari amwambie lolote. Baadaye alipata kiharusi, akageukia nyimbo za Injili, akaendelea nazo hadi alipofariki Desemba 2010. Mimi ni mtu wa kanisa, na sina neno na uamuzi wake. Huenda ulimpa amani ambayo muziki wa dansi haukumpa. Kama msikilizaji, hata hivyo, nasema ukweli kwamba yule aliyeuliza maswali alinigusa kuliko yule aliyekuwa tayari na majibu. Ugonjwa ulimbadilisha Remmy pia, lakini haukumsogeza karibu nami zaidi. Alikuwa karibu tangu mwanzo.

Basi, ugonjwa si mwalimu wa kila msanii. Kwa Lutaaya uliondoa kila kisichohitajika kwa sababu muda haukuwapo, na kwa sababu alikubali kujiweka ndani ya wimbo kabla hajamwomba mtu mwingine lolote. Hilo la pili halikuletwa na virusi. Wengi walikuwa na virusi hivyohivyo, wakubwa kwa wadogo, na wakanyamaza. Wala siwalaumu, maana najua tulivyowafanya wanyamaze.

Yule mwanachuo nilionana naye mwaka 2018, Muleba, kwenye msiba wa mwalimu mwenzetu. Naye sasa ana mvi. Nilimkumbusha kaseti, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema hakuwa na kinyongo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka ule dada yake alikuwa kitandani nyumbani, amehamishiwa chumba cha nyuma, na majirani wameacha kuja. Alitaka kwenda likizo amwambie kwamba wanachuo mia mbili wameusikia wimbo ule na hakuna aliyetoka bwaloni.

"Ukamwambia nini?" nilimwuliza.

"Sikumwambia kitu, Mwalimu. Nilimpigia kaseti mimi na yeye tu, mlango umefungwa."

Tulikaa kimya pale kwenye benchi mpaka wakati wa kwenda kaburini. Wakati wa wasifu wa marehemu, familia ilieleza aliugua nini na kwa muda gani, kwa jina lake, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeinamisha kichwa.