Procopius, Tauni na Sisi wa Fasihi

Miongoni mwetu tunaosoma fasihi kuna tabia moja ambayo hata mimi nilikuwa nayo, tena kwa majivuno: tukishagundua kwamba mwandishi kaiga, tunadhani kesi imekwisha. Katika makala hii fupi nitajaribu kuonyesha, kwa mfano wa tauni ya Konstantinopoli ya mwaka 542, kwamba hapo kesi ndiyo kwanza inaanza, na mhakiki peke yake haimalizi. Wala mwanahistoria peke yake, wala bingwa wa maabara.

Dola tunayoizungumzia ni Bizanti. Msomaji asishtuke, ni ile ile Rumi ya Chuo cha Herekali, na huko nitarudi mwishoni. Wenyewe walijiita Warumi ingawa waliandika Kigiriki. Jina la Bizanti walibandikwa na wanazuoni wa Ulaya baada ya dola yao kuanguka mwaka 1453.

Procopius wa Kaisaria alikuwa katibu wa jemadari Belisarius, zama za Kaizari Justinian. Katika kitabu cha pili cha Vita anaeleza jinsi gonjwa lilivyoanzia Pelusium, Misri, likaingia mji mkuu na kukaa miezi minne. Lilipopamba moto, anasema, wafu walifika 5,000 kwa siku, kisha 10,000 na zaidi. Naye alikuwapo.

Sasa basi, aliyemsoma Thucydides juu ya tauni ya Athens ya mwaka 430 K.K. lazima atasita. Mpango ni ule ule: gonjwa latoka mbali, dalili zatajwa, waganga washindwa, maziko yavurugika, tabia za watu zabadilika. Niliwahi kuandika insha nikahukumu kwamba Procopius kavaa kanzu ya babu yake tu, hakuna jipya. Nilikosea, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni la kihakiki: sikusoma kwa makini. Thucydides anasema hofu ya kifo iliwafanya watu waache sheria na kufuata anasa. Procopius kaligeuza jambo hilo juu chini. Kwake, hata mafasiki walishika dini, na mahasimu wa mjini wakazikiana wafu wao. Walipoona wamenusurika, wakaurudia uovu kuliko mwanzo. Huko siyo kunakili, bwana, ni kujibizana. Kejeli hiyo anaisikia anayemjua Thucydides. Isitoshe, Procopius anataja mitoki ya kinenani, kwapani na karibu na masikio. Uvimbe huo Thucydides hautaji kama dalili ya gonjwa lake. Kama Procopius alinakili, mbona ana kitu ambacho hakimo alikonakili?

Kosa la pili ni kwamba sikutoka nje ya kitabu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba meno ya watu waliozikwa Aschheim, kusini mwa Ujerumani, katika karne ile ya 6, yana vinasaba vya Yersinia pestis, yaani bakteria wa tauni. Mwaka 2019 ikafuata Edix Hill, Uingereza. Lakini makaburi hayo yako mbali na Konstantinopoli. Ndipo mwaka 2025 yakatangazwa matokeo ya Jerash, Jordan, mji uliokuwa ndani ya dola yenyewe, kutoka kaburi la halaiki kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Kwa hiyo mtoki wa Procopius si tamathali ya semi.

Je, wenzetu wa sayansi wametushinda? La hasha. Jino linasema mtu huyu alikuwa na tauni. Halisemi walikufa wangapi. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lilidai kwamba mafunjo, sarafu, maandishi ya mawe na chavua za mimea havionyeshi anguko kubwa la watu. Wengine wakawapinga vikali. Katikati ya ugomvi huo imekaa ile 10,000, na hapo ndipo fani inapohusika. Katika Kigiriki neno la elfu kumi ni ndugu wa neno la "wasiohesabika", kama sisi tunavyosema "nimekwambia mara mia". Tena 5,000 kisha 10,000 ni ngazi ya kupandisha hofu. Na katika Historia ya Siri, mwandishi huyo huyo, akimchora Justinian kama shetani, anadai kwamba gonjwa lilimaliza karibu nusu ya watu. Namba kama hiyo haina budi kuhakikiwa kabla mwanauchumi hajaijumlisha.

Kwa hiyo kuunganisha taaluma siyo kuwaweka mabingwa kwenye semina moja, kila mtu asome karatasi yake kisha tukanywe chai. Ni kila mmoja kukubali swali lake lisahihishwe na mwenzake.

Turudi kwa Herekali. Utenzi huo wa Mwengo wa Athumani uliandikwa Pate, na mwaka wake hutajwa kuwa 1728. Unasimulia vita vikubwa, ilhali msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukukutana na jeshi la Rumi. Utasikia watu wakisema: "Si kweli, basi ni ngano tu." Ni kosa langu lile lile, safari hii limevaa kilemba. Hebu tuulize: mwaka 1728 Wareno waliirudisha Mombasa mikononi mwao kwa msaada wa mfalme wa Pate. Kwa nini basi huko Pate zama hizo aimbwe mfalme wa Kikristo anayeshindwa na Waislamu? Jibu linamhitaji mjuzi wa tenzi, mjuzi wa masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume, mwanahistoria wa pwani, na mtu anayeijua Bizanti.

Huyo wa mwisho ndiye tunayemkosa madarasani. Mwenye kupinga na apinge, kalamu ni yake.